Mkebe wa Maonyesho: Ukumbusho na Kumbukumbu katika Mabati ya Biskuti na Tofi, 1868–1938

Miongoni mwa vitu vidogo vilivyoachwa na maonyesho makubwa ya karne ya kumi na tisa na ya ishirini, mkebe wa biskuti au wa tofi ndio uliodharauliwa zaidi na wanahistoria na kupendwa zaidi na wakusanyaji wa vitu vya kale. Mwanahistoria hutafuta vitabu vya mwongozo, hesabu za fedha na picha rasmi. Mkusanyaji hutafuta mkebe ambao rangi yake haikuchubuka, kifuniko chake hakikubonyea, wala ndani yake hamna kutu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba wote wawili huacha kando sehemu kubwa ya ushahidi. Mkebe wa maonyesho una historia mbili. Ya kwanza ni ile iliyopigwa chapa juu yake kiwandani. Ya pili ni ile iliyotiwa na mikono ya watu walioutumia baada ya kuliwa kilichokuwamo.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kuzitenga historia hizo, nayo ni ukumbusho na kumbukumbu. Yote mawili yatoka katika kitenzi kimoja, kumbuka, lakini njia zake si moja. Ukumbusho hutokana na kumbusha, na kwa sababu hiyo daima yupo anayekumbusha na yupo anayekumbushwa: ndivyo ilivyo sanamu ya mtawala, au kibao kilichotiwa ukutani. Kumbukumbu ni kile kilichobaki, ama moyoni mwa mtu, ama katika maandishi, kama vile kumbukumbu za mkutano. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku mpaka wa maneno haya huvukwa mara nyingi. Hata hivyo tofauti ya asili haijapotea. Ukumbusho hukusudiwa, kumbukumbu yaweza kujikusanya pasipo kukusudiwa na mtu yeyote.

Asili ya mkebe wenye picha

Mkebe wa biskuti ulizaliwa kwa haja, si kwa anasa. Katika mji wa Reading, Uingereza, Joseph Huntley alifungua duka la mikate na biskuti mwaka wa 1822. Biskuti ikipata unyevu hulainika na kuharibika, na ikichukuliwa safari katika karatasi huvunjika. Mwanawe, aliyeitwa Joseph vilevile, alikuwa mwuza vyombo vya chuma, naye akaanza kutengeneza masanduku ya bati ya kuhifadhia biskuti hizo. Bati hilo lilikuwa chuma chembamba kilichochovywa katika madini ya bati yaliyoyeyushwa, ili kisishikwe na kutu. George Palmer alipoingia katika shirika mwaka wa 1841, biskuti za Huntley & Palmers zikazidi kupelekwa mbali, na kazi ya mabati nayo ikakua mpaka ikawa kiwanda kamili, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Huntley, Boorne & Stevens.

Kwa muda mrefu mkebe haukuwa na uso wake wenyewe; karatasi yenye jina la biskuti ilibandikwa ubavuni, na ilipobanduka mkebe ukabaki bati tupu. Mabadiliko yalianza mwaka wa 1868, ulipotolewa mkebe wa Huntley & Palmers ambao mapambo yake yalihamishwa kutoka katika karatasi hadi juu ya bati lenyewe. Mchoro wake ulikuwa wa Owen Jones, na jina hilo lastahili kuangaliwa. Jones ndiye aliyepanga rangi za ndani za jumba la vioo la London, yalimofanyika Maonyesho Makuu ya mwaka wa 1851 ambayo watu wapatao milioni sita waliyaingia. Basi tangu mwanzo mkono uliopamba jumba la maonyesho na mkono uliopamba mkebe wa biskuti ulikuwa mkono mmoja.

Hatua ya pili ilikuwa ya ufundi wa kupiga chapa. Kupiga chapa kwa jiwe juu ya karatasi kulikuwa kumekwisha kujulikana, lakini jiwe ni gumu na bati ni gumu, na vitu viwili vigumu vikikutana wino hauenei sawasawa. Mwaka wa 1875 Robert Barclay alipata hataza ya njia mpya: picha ilitoka katika jiwe, ikapokewa na silinda iliyovikwa kitu laini, ndipo silinda ikaitia juu ya bati. Kwa njia hiyo rangi nyingi ziliweza kupigwa kwa wepesi na kwa gharama ndogo. Hataza hiyo ilipokwisha mwaka wa 1889, viwanda vingine viliingia katika kazi hiyo kwa wingi, na mikebe ikaanza kuigizwa maumbo ya vitabu, vikapu na saa. Mwaka wa 1921 makampuni manne ya Uingereza, likiwamo la Barclay & Fry, yaliungana katika shirika moja, ambalo ndilo lililokuja kuitwa Metal Box. Kwa hiyo yalipofunguliwa maonyesho ya Wembley miaka mitatu baadaye, kiwanda cha mikebe kilikuwa tayari na ufundi, nguvu na wanunuzi.

Watengenezaji wa vyakula vitamu nao walikwisha kuyazoea maonyesho. Huko Chicago, mwaka wa 1893, kampuni ya Stollwerck ya Köln ilisimamisha hekalu la chakleti, na katika maonyesho hayohayo Milton Hershey aliziona mashine za Kijerumani za kutengenezea chakleti, akazinunua. Huko Paris, mwaka wa 1900, biskuti za LU za Nantes zilikuwa na jengo lao lenye mnara kama wa taa ya baharini. Medali zilizopatikana katika mashindano ya namna hii zilichorwa juu ya vifuniko, ili mteja aliye mbali azione. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini tangu wakati huo hata kizuri kilitembezwa, na mkebe ndio uliokuwa miguu yake.

Wembley, 1924 na 1925

Maonyesho ya Dola ya Kiingereza yalifunguliwa Wembley, karibu na London, na Mfalme George V tarehe 23 Aprili 1924, na hotuba yake ikasikika kwa redio. Yalifungwa majira ya baridi, yakafunguliwa tena Mei 1925, yakamalizika Oktoba mwaka huo. Hesabu ya walioingia ilikuwa kama milioni 17 mwaka wa kwanza na karibu milioni 10 mwaka wa pili. Hata hivyo maonyesho hayo yaliingia hasara. Mikebe ya biskuti, tofi na chakleti ilikuwa miongoni mwa vitu vingi vya ukumbusho vilivyouzwa, pamoja na kadi za posta, vijiko na vyombo vya udongo. Stampu za kwanza za ukumbusho katika historia ya posta ya Uingereza nazo zilitolewa kwa ajili ya maonyesho hayo.

Picha zilizopigwa juu ya mikebe hiyo hazikuwa nyingi kwa aina. Simba, aliyekuwa alama ya maonyesho, huonekana mara kwa mara. Huonekana pia uwanja mkubwa wenye minara miwili, majumba meupe ya saruji, maji na bendera. Juu ya kifuniko dola nzima imepunguzwa hata ikatosha kushikwa kwa viganja viwili. Na jambo hilo lilikuwa sehemu ya kusudi, maana maonyesho yenyewe yalikuwa dola iliyopunguzwa: nchi zilizotengwa na bahari ziliwekwa jirani, na mgeni aliweza kuzipitia nyingi kwa siku moja, kwa miguu na kwa gari dogo la reli.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na jengo lake, ambamo Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliwekwa pamoja na nchi nyingine kadhaa. Nchi hizo zilijulikana wakati huo kwa vitu zilivyouza nje: karafuu za Unguja na Pemba, katani ya Tanganyika, pamba ya Uganda, kahawa ya Kenya. Kanada ilionyesha, ndani ya chumba cha baridi, sanamu ya Mwana wa Mfalme wa Uingereza iliyofanywa kwa siagi. Siagi hiyo haikudumu. Wala majengo yenyewe hayakudumu: uwanja wenye minara miwili ulivunjwa miaka ya 2002 na 2003, na sehemu iliyokuwa imebaki ya jumba la viwanda ilibomolewa mwaka wa 2013. Mkebe wa tofi, uliokuwa kitu cha senti chache, umeishi kuliko saruji.

Yaliyonyamaziwa

Hapa yafaa kulichungua neno maonyesho lenyewe. Katika Kiswahili kitenzi ona, kikitiwa kiambishi cha zamani cha kusababisha, hutoa onya, yaani kumfanya mtu aone. Maana hiyo ya kwanza imefifia, na leo onya ni kumpa mtu tahadhari. Ndipo lugha ikaongeza kiambishi cha pili ikapata onyesha, na kutoka hapo maonyesho. Lakini anayeonyesha huchagua, na kila alichokichagua kina kitu kingine kilichoachwa nje. Mkebe wa maonyesho, kwa kuwa ni mdogo, huonyesha uchaguzi huo kwa uwazi kuliko jumba zima.

Chukua mfano wa kakao. Tangu mwaka wa 1911 Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kutoa kakao, na sehemu kubwa ya kakao hiyo ililimwa na wakulima Waafrika katika mashamba yao wenyewe. Kabla ya hapo makampuni makubwa ya chakleti ya Uingereza yalikuwa yakinunua kakao nyingi ya São Tomé na Príncipe, mpaka yalipoacha mwaka wa 1909, baada ya habari za watu waliotumikishwa huko kwa nguvu kuenea na kuleta fedheha. Historia hiyo yote imo ndani ya kipande kimoja cha chakleti. Lakini juu ya kifuniko cha mkebe wa Wembley mpo simba na jumba. Mkulima hayupo, wala shamba, wala bei ya gunia.

Waafrika waliokuwako London hawakunyamaza. Watu wa Afrika ya Magharibi waliletwa Wembley wakae na kufanya kazi zao mbele ya watazamaji, na jambo hilo, pamoja na maneno yaliyoandikwa magazetini, liliwaudhi wanafunzi wa Kiafrika. Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, aliandika barua mwaka wa 1924 kupinga habari za gazeti moja la London zilizowadhalilisha watu wa nchi yake. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waliouanzisha Umoja wa Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi. Mtafiti anayeusoma mkebe wa mwaka wa 1924 bila ya kuisoma barua hiyo husikia sauti moja tu. Kiswahili chajua sana tabia ya bati linalosema peke yake: mtu anayeita abiria kituoni au kumsifia mgombea huitwa mpiga debe, na debe tupu, kama isemwavyo, haliachi kuvuma.

Maisha ya pili ya mkebe

Walakini ingekuwa kosa kudhani kwamba watu waliyahifadhi mabati hayo kwa kuwa walikubali yaliyochorwa juu yake. Mkebe ulihifadhiwa aghalabu kwa sababu ulifunga vizuri. Tofi zilipokwisha, viliingia vifungo, sindano na nyuzi, kisha barua, picha, vyeti na risiti. Watengenezaji waliijua tabia hiyo na wakaitumia. Baadhi ya mikebe ilitobolewa juu kipenyo cha kutilia sarafu, ili iwe kibubu cha mtoto. Ukumbusho ulinunuliwa kwa siku moja, lakini matumizi yaliendelea miaka arobaini, na ni matumizi yaliyouokoa mkebe. Tangu mwaka wa 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza iliwahimiza watu watoe vyuma chakavu kwa ajili ya vita. Nyumba iliyohitaji pahali pa kuwekea vifungo ilikuwa na sababu ya kuuzuia mkebe wake. Nyumba isiyouhitaji haikuwa nayo.

Alama za maisha hayo ya pili husomeka. Ikiwa uso wa simba umefutika mahali pamoja tu, karibu na ukingo, hapo ndipo kidole gumba kilipobonyezea kila mara kifuniko kilipofunguliwa. Mikwaruzo ya mviringo chini ya mkebe yaonyesha kwamba ulivutwa na kurudishwa rafuni mara nyingi. Kutu ndani, pasipo kutu nje, yadokeza kwamba uliwekwa chumvi au kitu chenye unyevu. Karatasi iliyobandikwa kwa mkono, yenye neno moja tu, yatueleza jinsi mwenye nyumba alivyouita mkebe ule, na huenda hakuuita kwa jina la Wembley kabisa.

Mfano wa Glasgow wayathibitisha haya. Katika Maonyesho ya Dola ya mwaka wa 1938, yaliyofanyika katika bustani ya Bellahouston na kuingiwa na watu zaidi ya milioni 12, alama kuu ilikuwa mnara wa Thomas Tait, uliokuwa na urefu wa futi 300. Mnara huo ulipigwa chapa juu ya mikebe mingi ya biskuti na tofi, kisha ukabomolewa mwaka wa 1939. Watu waliendelea kufungua na kufunga mikebe hiyo kwa miaka mingi, mnara wenyewe ukiwa haupo tena. Hapo ukumbusho uligeuka kumbukumbu: mtu hakukumbushwa tena fahari ya dola, bali alikumbuka jiko la mama yake.

Majina ya Kiswahili na sababu yake

Pwani ya Afrika ya Mashariki iliipokea jamii hii ya vyombo kwa majina, na majina hayo ni ushahidi wa matumizi. Kopo latoka katika neno la Kireno copo, yaani chombo cha kunywea. Basi lilikuwako kabla ya kuja bati la kiwandani, na lilipokuja likapewa jina la chombo kilichofanana nacho kwa kazi. Debe latoka Bara Hindi, nalo lilishikamana na bati kubwa la pembe nne lililoleta mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, debe likawa kipimo cha nafaka sokoni, kisha ndoo ya maji, na huko Kenya likawa hata jina la sanduku la kura. Mkebe ni chombo kidogo chenye kifuniko, kinachofunguliwa na kufungwa tena na tena, na wanafunzi wengi huujua kwa vyombo vyao vya hesabu. Kibubu, kutoka bubu, ni chombo kinachopokea fedha na kukaa kimya.

Katika majina haya hakuna hata moja linalotaja kilichokuwamo dukani, wala mwenye kiwanda, wala picha iliyo juu ya kifuniko. Biskuti, tofi na chakleti ziliingia lughani kwa majina yao ya kigeni, lakini chombo chake kiliitwa kwa kazi yake ya baadaye. Mafundi wa bati walikwenda mbali zaidi: walilikata kopo kuukuu wakafanya kibatari, na bati lililochorwa jumba la ng'ambo likaweza kuishia kuangaza chumba cha kusomea. Kwa kulinganisha, halua ya Unguja, iliyouzwa katika vikapu vidogo vya ukili, haikuacha nyuma chombo cha kudumu. Utamu wake umehifadhiwa katika maneno na desturi, na kikapu chake kilirudi udongoni.

Hatima

Mikebe ya biskuti ya tangu mwaka wa 1868 hadi 1939 imekusanywa kwa wingi katika jumba la Victoria and Albert la London, na jumba la makumbusho la Reading lina hazina kubwa ya Huntley & Palmers. Kazi ya majumba hayo ni ya kushukuriwa. Lakini soko la wakusanyaji laendeshwa na kanuni nyingine: mkebe usiotumika una bei kubwa, na uliotumika husafishwa, hung'arishwa na kuondolewa vibandiko ili ufanane na usiotumika. Kila usafi wa namna hiyo huirudisha historia ya kwanza na kuifuta ya pili. Kiwanda kilikwisha kusema neno lake katika nakala maelfu. Mwenye nyumba alilisema lake katika nakala moja tu.

Kwa wataalamu wa Kiswahili funzo ni la karibu zaidi. Mikebe ya kale ingalimo katika nyumba za pwani na za bara, na kila mwaka mingine huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Anayeandika kamusi au historia ya maisha ya nyumbani hana budi kuuliza, kabla mkebe haujaondoka, mambo matatu: uliitwaje, uliwekwa nini, na nani alikuwa na ruhusa ya kuufungua. Maswali hayo hayagharimu kitu. Majibu yake hayakuchapwa juu ya kifuniko chochote, na wanaoyajua wanazeeka.